Vikwembe Sita vya Kilio cha Babu

Mwanamke wa tatu alishuka kwenye pikipiki mbele ya uzio wetu hapa mtaani Ngezi, Bunia, akiwa na mfuko mmoja tu, na mimi niliupenda mfuko ule kabla sijampenda yeye. Anayekuja kuomba kazi na mifuko mitatu amekwisha kuhamia. Huyu alikuja kuzungumza. Wa kwanza, simu yake ililia mara tisa tukiwa bado tunasalimiana, nilihesabu. Wa pili alimtazama mama yangu kwenye kiti kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayetazama gunia la mihogo na kujiuliza atalibeba na nani, kisha akauliza kama nyumba ina televisheni.

Mama yangu alianza kuzeeka kwa miguu, ikafuata mikono, na sasa kichwa nacho kinafuata polepole, kama mtu wa mwisho kwenye msafara. Mimi ni muuza vikwembe, hivi vitenge vya kuvaa. Wiki mbili katika kila mwezi niko Ariwara nagombana na wenye maduka, na njia ya Ariwara si ya kumpandisha mzee juu ya marobota. Wadogo zangu wako mbali. Wanampenda mama sana, kwa simu. Kwa hiyo nilitafuta gardimalade, mtu wa kukaa na mama nyumbani, kumwogesha, kumlisha, kumgeuza. Na wewe unanijua: mimi sinunui hata fungu la nyanya bila kulipindua kuona la chini likoje.

Yule wa tatu alijua kupatana. Alitaja bei, nikashika kichwa. Nikataja yangu, akatazama angani kana kwamba kuna mvua. Tulifanya hivyo mara mbili, kama watu wenye heshima, tukakutana katikati. Jumapili anapumzika. Anakula tunachokula. Maji ya nyumba nzima hatateka, atateka ya mama tu. Nilikubali yote, na kwa ile furaha ya mtu aliyemaliza biashara vizuri nikatoa neno ambalo hapa Bunia kila mwenye nyumba hulitoa, bila kulifikiria:

«Basi karibu. Hapa weye utakuwa mutoto ya nyumba.»

Alikuwa amekwisha kuweka mfuko chini. Akauokota.

«Mama, ile neno uirudishe.»

«Neno gani?»

«Ya mutoto ya nyumba. Mimi minakuja ku kazi. Mutoto ya nyumba nilishakuwaka mara moja, ku watu bengine, nikatokamo bila hata sahani. Uniite gardimalade, ao uniite jina yangu. Na tuandike.»

Nilicheka kidogo. Nilimwambia aketi, nikaingia ndani kana kwamba natafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilisimama tu pale chumbani, mkono kwenye ukuta, mtu mzima mwenye duka, nikiwa na miaka kumi tena.

Ngezi ya miaka yangu kumi ilikuwa na nafasi. Leo ukitandaza mkono unagusa bati la jirani, lakini wakati ule babu alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa minyaa, na hakuna aliyeona ajabu. Asubuhi ilinuka moshi wa kuni mbichi, maziwa yanayotaka kumwagika na samadi, na mpaka leo nikinusa viwili kati ya hivyo pamoja, cha tatu nakijaza mwenyewe. Mchana kulikuwa na sauti ya vinu. Sombe, majani ya mihogo, lilitwangwa karibu kila nyumba, na ungejua nani amekasirika kwa jinsi anavyopiga mchi. Tulikula bugali na maharagwe, bugali na mchicha wa lengalenga, bugali na makayabu, samaki wa chumvi, mgeni akija, na tulikula kwa sahani moja, jambo lililonifundisha mapema kutazama mkono wa mwenzangu unakwenda wapi.

Babu alikuwa na ukungu machoni. Ng'ombe wakirudi jioni, alisimama kwenye mwanya wa ua akiwa ameshika bega langu, nami nikahesabu kwa sauti wanavyopita. Nikifika kumi na mmoja, babu alisema neno moja: «Rudilia.» Nikarudia, safari hii nikiwaonyesha kwa kidole wakiwa wamekwisha kutulia. Hakuwahi kupokea hesabu ya mara moja. Ukiniona sokoni leo nahesabu noti mbele ya mtu mpaka anaona haya, usinilaumu mimi. Ule ni mkono wa babu.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi babu alianguka pale pale kwenye mwanya wa ua, na upande wake wa kuume ukakataa kazi. Ndipo nyumba iliyojaa watu ikagundua kwamba haina mtu. Babu alikuwa na watoto sita. Binti wanne walikuwa wameolewa mbali. Baba yangu alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, anakuja mara mbili kwa mwaka, na akija anaongea kana kwamba mara ya tatu atakuja na gari. Akabaki baba mkubwa, mtoto wa kwanza, mzee wa kanisa, mtu wa viatu vinavyong'aa. Mama yangu alikuwa mkwe, na kwetu mkwe hamkaribii baba wa mume wake. Mama hakupita hata mbele ya babu bila kuzunguka. Sahani yake aliiweka kizingitini, mimi ndiye niliyeiingiza. Kwa wiki ya kwanza baba mkubwa alimwogesha babu mwenyewe. Alimmwagia ndoo moja kutoka mbele na moja kutoka nyuma, kama mtu anayeosha baiskeli. Wiki ya pili akapata mambo mengi kanisani.

Ni mama aliyetafuta mwanamke wa kumwogesha babu. Alikuwa mjane, nywele zimeanza kuwa nyeupe, hana mtoto aliye hai, na ndugu za mume wake walikuwa wamemtoa katika nyumba kabla udongo wa kaburi haujakauka. Alifika kwetu na mkeka na beseni. Walipatana na baba mkubwa barazani: bahasha mwisho wa mwezi, pamoja na sabuni, chumvi na sukari. Nilisikiliza mapatano yale nikiwa nyuma ya mlango. Alipatana vizuri, sauti chini, bila kushuka haraka.

Sijaona tena mtu akiogesha mtu namna ile, na sasa nimewatazama wengi. Alichemsha maji na majani ya mchaichai, akayajaribu kwa kiwiko. Alimfunika babu kwa kikwembe kikuukuu kuanzia kifuani hadi miguuni, akaosha kwa mkono mmoja chini ya kitambaa, uso wake ukiwa umeelekea ukutani. Na kila kiungo alikiombea ruhusa.

«Baba, sasa mukono.»

«Pita,» anajibu babu kwa ule mdomo wake wa upande mmoja.

«Baba, sasa muguu.»

«Pita.»

Mimi nilishika taulo mlangoni, nimewapa mgongo, na kwa mgongo wangu niliweza kujua wamefikia wapi. Babu aliyekuwa analia kwa hasira kwenye ndoo za baba mkubwa, sasa alikuwa anauliza tangu asubuhi kama maji bado.

Mwaka mmoja ulipita hivyo. Kisha maneno yakaanza, na yalianza mahali yanapoanzaga, kwenye njia ya kutoka kanisani. Jirani yetu mwenye redio alisema kwa sauti ya kutosha: «Ku ile nyumba, muzee anaogeshwa na mwanamuke wa kulipwa. Watoto yake bako wapi? Banakufa bote?» Watu walicheka. Baba mkubwa alikuwa hatua nne mbele, Biblia kwapani, na niliona shingo yake ikivimba.

Angeweza kumwogesha baba yake mwenyewe na maneno yangekwisha. Alitafuta njia ya bei nafuu zaidi. Kwetu ilisemwa kwamba binti aliyekwisha kuzaa na kufiwa na mume anaweza kumshika baba yake mgonjwa bila aibu. Basi baba mkubwa akamfanya yule mwanamke kuwa binti. Alichinja mbuzi, akaita majirani, na yule mwenye redio akapewa kiti cha mbele. Maziwa yalimiminwa kwenye kibuyu cha babu mwenyewe, ambacho hakuna mgeni aliyewahi kunywea, na mimi ndiye niliyepewa kukishika. Baba mkubwa akasimama.

«Kuanzia leo huyu ni mutoto ya nyumba. Muzee iko na watoto saba. Mwenye kuuliza, aulize mimi.»

Alikunywa kwa kushika kibuyu kwa mikono miwili, macho yamefungwa, na alipomaliza hakufuta mdomo. Babu, ambaye alikuwa ameegemezwa kwenye mito, alinyanyua mkono wake mzuri akaonyesha chumba cha pembeni, kile kilichotazama ua.

«Ile chumba ni yake,» alisema, pole pole ili wote wasikie. «Mupaka yeye mwenyewe achoke nayo.»

Watu walipiga makofi. Toka siku ile tulimwita shangazi.

Mwisho wa mwezi shangazi aliketi kwenye benchi la barazani, mahali alipoketi kila mwisho wa mwezi. Baba mkubwa alitoka, akafunga kifungo cha mkono wa shati, akajifanya kushangaa.

«Dada yangu, ni nini?»

«Ni mwisho ya mwezi, kaka.»

«Aa. Lakini dada, mutoto analipwaka juu ya kuogesha baba yake? Mimi nani ananilipa?»

Waliokuwapo walicheka. Shangazi pia alicheka, na alicheka kwa muda mrefu kuliko wao. Mama hakucheka. Aliingia ndani, akarudi na nusu mche wa sabuni alioukata kwa uzi, akamwekea kwenye pindo la kikwembe. Akafanya vile kila mwezi.

Utaniuliza kwa nini hakuondoka. Na mimi nilijiuliza, miaka mingi, mpaka nilipoanza kuuza vitu vyangu mwenyewe. Shangazi alikuwa amepiga hesabu yake. Mshahara uende, chumba kibaki. Kwa mjane asiye na mtoto, aliyetolewa nyumba moja, chumba chenye mlango, ambacho hakuna mtu wa kumtoa humo, kilikuwa na thamani kuliko bahasha zote za baba mkubwa. Mimi pia ningefanya biashara ile. Ila mimi ningetaka mashahidi zaidi ya majirani walioshiba mbuzi.

Nitasema kweli, miaka ile mitatu iliyofuata ndiyo mizuri kuliko yote niliyopata. Shangazi alinisuka kwa uzi mweusi akinibana kichwa katikati ya magoti, na nikilia alisema nisubiri, bado vifungu vitatu. Nilihesabu, vilikuwa vinane. Alinipaka mafuta ya mawese magotini baada ya shule. Mchana, babu akisinzia, yeye na mama waliketi kwenye kivuli cha nyumba kumenya maharagwe, na yale maharagwe yakianguka kwenye beseni yalikuwa yanaita kama mvua ya kwanza kwenye bati. Waliitana wifi. Mama yangu, ambaye alikuwa anatembea katika nyumba ile kama mtu aliyeazimwa, alikuwa na mtu wa kucheka naye. Walimcheka hasa baba mkubwa na viatu vyake.

Babu alifariki asubuhi moja ya kiangazi, chai yake ikiwa bado inatoa moshi. Shangazi ndiye aliyemwosha mara ya mwisho, kwa maji yale yale ya mchaichai, uso ukutani. Nilishika taulo mlangoni kama kawaida yangu. «Baba, sasa mukono,» nilimsikia anasema. Kisha akanyamaza, muda ule ule ambao babu angechukua kujibu, ndipo akaendelea. «Baba, sasa muguu.» Akangoja tena. Hakuruka hata kiungo kimoja.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo mimi naingia.

Kwetu, siku ya kuondoa kilio watoto wa marehemu huvaa kikwembe cha namna moja. Si urembo. Baada ya chakula hukaa kikao, na anayevaa kikwembe kile ndiye anayeketi kwenye kikao, na kikao ndicho kinachosema kiwanja ni cha nani na nani atalala wapi. Asiye na kikwembe anasaidia kuosha sahani. Kila mtu alijua hivyo, hata mimi. Ukikosa kikwembe, chumba chako hakina wa kukisemea.

Siku mbili kabla, baba mkubwa aliniita. Alikuwa ameketi uani akipaka viatu rangi, na mama alikuwa hatua chache kutoka pale, ungo mapajani, anachagua mawe kwenye maharagwe ya wageni.

«Weye ndio mutu wa kuhesabu,» baba mkubwa aliniambia. «Enda uhesabie watoto ya nyumba, nijue nitanunua vikwembe ngapi.»

Nilikwenda kwa fahari. Babu alikuwa amekufa na bado kazi yangu ilikuwepo. Nilipita kwenye mikeka walipoketi shangazi zangu wanne waliotoka mbali. Nilimpita baba yangu, aliyefika kutoka machimbo na vumbi lake. Baba mkubwa mwenyewe. Na shangazi wa chumba cha pembeni, ambaye alikuwa ameketi mkekani katikati ya dada zake, kichwa kimenyolewa kama wao. Nilihesabu, nikarudia kwa kidole. Nikarudi nikikimbia.

«Saba.»

Baba mkubwa hakuinua macho. Alisugua ncha ya kiatu, akaitazama, akasugua tena.

«Rudilia.»

Lilikuwa neno la babu, lakini halikuwa sauti ya babu. Kidole cha mama kilisimama juu ya ungo. Nilimtazama. Yeye hakunitazama. Kisha kidole kikaendelea, jiwe, jiwe, jiwe, na kila jiwe nililisikia likianguka.

Sikurudi kwenye mikeka. Nilisimama pale pale nikitazama vidole vyangu vya miguu, nikasema: «Sita.»

«Ni vile,» alisema baba mkubwa, akavaa kiatu.

Ningependa kukuambia kwamba aliniahidi ndala mpya, au safari ya mjini, au hata beinye moja, andazi la moto. Ningekuwa na kitu cha kuonyesha. Hakuahidi chochote, hakunitisha, hakuinua hata sauti. Mimi ambaye leo watu wa Ariwara wananiona nakuja wanafunga nusu ya duka, biashara kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya niliifanya bure.

Vikwembe viliwasili, vya kijani na duara nyeupe, bado vinanuka wanga wa dukani. Baba mkubwa aligawa mwenyewe akipita mkekani, mmoja mmoja. Alipofika kwa shangazi mikono yake ilikuwa mitupu. Alijiinamia kidogo, kwa adabu kabisa.

«Mama,» alimwambia, «wageni babado kukula. Enda uwasaidie ku jikoni.»

Hakusema dada. Miaka mitatu ya dada ilikwisha kwa neno moja, na hakuna mtu kwenye mkeka ule aliyegeuza kichwa. Wale shangazi zangu wanne walikuwa wanakunjua vikwembe vyao na kulinganisha pindo. Shangazi aliinuka akijishikiza kwa goti, akaenda jikoni. Alipika sufuria nne za bugali. Mama alikuwa jikoni naye. Walipika mgongo kwa mgongo, na kwa mara ya kwanza sikuwasikia wakicheka.

Kikao kilikaa mchana, chini ya turubai. Nilipitisha maji ya kunywa kwa hiyo nilisikia. Hakikuchukua muda. Mtu mmoja aliuliza kuhusu chumba cha pembeni, na baba mkubwa akasema mfanyakazi wa muzee amemaliza kazi, apewe asante na nauli. Hivyo ndivyo ilivyokwenda: siku ya kulipwa alikuwa mtoto, siku ya kugawa alikuwa mfanyakazi. Geuza upande wowote, hana kitu.

Shangazi alinikuta nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa, nikijifanya kutafuta kuni. Mikono yake ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko.

«Banasema ni weye ulihesabia.»

«Ndiyo, shangazi.»

«Ukakuta ngapi?»

«Sita.»

«Ulirudilia?»

«Nilirudilia.»

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo sijui nilipeleke wapi. Alikuwa kama mtu aliyenunua kitu, akapima, akakuta pungufu, na muuzaji ni mtoto.

«Basi,» alisema. Akaninyooshea kola ya gauni, akaniachia alama ya unga pale, akaenda kukunja mkeka wake.

Aliondoka siku iliyofuata na vile alivyokuja navyo. Kabla ya kwenda alifua kile kikwembe kikuukuu cha kumfunikia babu, akakianika kwenye ua, kimenyooshwa, pembe nne sawa. Nauli aliiacha kwenye benchi la barazani, na baba mkubwa, lazima niseme, aliiokota. Wiki haikuisha kabla chumba cha pembeni hakijapata mpangaji, muuza chumvi.

Walisema alikwenda kuwapikia wachimbaji dhahabu. Kisha vita ikaja, na vita haikuacha mtu pale alipokuwa. Mimi nilipoanza kuuza, kila soko la machimbo nililofika niliulizia mama mmoja, mjane, mzuri wa kuogesha wagonjwa. Watu walinitazama kama mtu anayeulizia maji yaliyopita mtoni mwaka jana. Jina lake la kwao sikulijua. Tulimwita shangazi, na shangazi si jina unaloweza kumtafutia mtu.

Nilitoka chumbani na kalamu. Yule mwanamke wa tatu alikuwa bado ameketi, mfuko magotini, na mama kwenye kiti chake anamtazama. Tuliandika karatasi mbili, moja yake, moja yangu. Aliisoma, akaisoma tena, nami nikamheshimu. Neno lile nililirudisha.

Anafanya kazi vizuri. Anafika saa anayosema, mama ananuka sabuni, kucha zake zimekatwa. Juzi nilirudi kutoka Ariwara mapema, nikawakuta uani, yeye anamkausha mama mikono. Mama alikuwa amemshika kifundo cha mkono, hataki kuachia.

«Wifi,» anamwambia, «ulikawia sana.»

«Mimi si wifi yako, mama,» gardimalade alijibu, kwa upole, kama mtu ambaye amekwisha kujibu vile mara nyingi. «Mimi ni mufanyakazi. Mutoto yako ananilipa.»

Mama alitikisa kichwa. Uso wake ulikuwa safi kabisa, bila lile wingu la siku hizi.

«Hapana. Ni bale ndio banakuambia useme vile.»

Gardimalade alinigeukia ili nimsaidie kujibu. Nilikuwa na marobota mawili begani kwa mtu wa pikipiki nyuma yangu, na nauli ya kumlipa, na nilishughulika na hayo.

Kiwanja cha babu kiliuzwa zamani, vipande vitatu; ua wa minyaa uling'olewa, na mahali pa ng'ombe pana kibanda cha kuchajia simu. Baba mkubwa amekufa, baba amekufa, shangazi zangu wanne wamekufa au ni kama wamekufa. Vile vikwembe vya kijani havijachapwa tena. Natafuta kila nikiingia kwenye duka la jumla, sijui ningevifanyia nini. Kati ya watu wote wa nyumba waliokuwapo siku ile ya maziwa tumebaki wawili tunaojua nyumba ilikuwa na watoto wangapi. Mmoja hakusema kitu wakati ule, na sasa kwa kuwa anasema, watu wanasema ni uzee.